Ngitili kwanza, mitamba baadaye

Mhariri,

Siku hizi hakuna mkutano wa wafugaji huku Igunga unaokwisha bila kutajwa ng'ombe wa kisasa. Sipingi maziwa mengi. Lakini mtamba wa Friesian anayeletwa Julai, nyasi zimekauka, kupe wanamsubiri na josho halina dawa, huyo Oktoba ataiona wapi?

Tuanze na malisho. Wasukuma na Wanyamwezi tuna ngitili: eneo linafungwa mvua zinapoanza, nyasi zinakua, linafunguliwa kiangazi kikikaza, tena kwa ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na maksai wa kulimia kwanza. Jirani zetu wa Shinyanga walizirudisha nyingi kupitia mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986, na miti ya asili ikachipua yenyewe kutoka visiki vya zamani. Huku kwetu ngitili zinalimwa pamba, au zinachomwa moto na watu wasiojulikana (wanajulikana, basi tu).

Halafu kuna suala la madume. Dume mzuri, mwenye nundu na mapaja ya kujaa, ndiye anayewahi mnadani kwa sababu ana bei. Anabaki yule dhaifu, naye ndiye anayepanda mitamba yote. Kisha tunalalamika kwamba zebu wetu, hawa ng'ombe wa asili, ni wadogo! Kijiji kikubaliane madume gani wabaki, wengine wahasiwe.

Halmashauri ipeleke dawa za josho, na vijiji vitunge sheria ndogo za kulinda ngitili kabla ya mvua za Novemba.

Mfugaji,
Igunga, Tabora