Kile kijitabu cha bluu cha Liwali

Mwanangu Kahindi,

Sisi hatujambo, babako pia hajambo, nimeanza na hilo usije ukashtuka huko mbele. Kabla sijasahau, kile kijitabu cha bluu cha mbwa, alichokupa Mtaliano wako siku ya kufunga nyumba, umekiweka wapi? Nimetafuta kabatini, chini ya godoro lako, mpaka ndani ya begi lako la shule lililoliwa na panya, nimepata kitana chake na cheni yake tu. Kama umekwenda nacho Nairobi sema, sitakugombeza.

Liwali mwenyewe, huyo mbwa wako, yuko vile vile. Asubuhi hanyanyuki mpaka kiti cha babako kitolewe nje chini ya mwarobaini, akipanda anakunja mkono mmoja juu ya mwingine kama anangoja kuletewa kesi. Babako anakalia ndoo. Mtu mzima amevuta nyavu Malindi hii miaka arobaini anakalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa! Ukimwambia toka kwa Kiswahili anakuangalia tu, kwa Kigiriama anafumba macho, mpaka umwambie vieni, njoo ya Kitaliano, ndio anageuza shingo, na hapo pia akipenda. Principe, lile jina alilokuja nalo, hakuna amwitaye tena. Wazee wa barazani wanasema huyu ni liwali kweli, sultani alimsahau huku, hajaambiwa bado kwamba pwani iliingia Kenya 1963.

Na chakula. Kusi imekaza, babako ana wiki mbili hajaingia baharini, sisi twala sima na mchicha. Sima yeye hataki, anaisukuma sahani kwa pua pole pole mpaka inafika mlangoni kwangu halafu anarudi kukaa. Nikamchemshia tambi siku moja tu, ikawa kila Jumapili, sasa pakiti inakaa juu ya kabati Kadzo asiione. Usinicheke. Ile sahani ya mahamri ya Mama Swaleh aliilamba, mwenzangu akaiosha mara saba, moja kwa mchanga, wala hakununa, ila tangu siku hiyo mahamri yanakuja kwa gazeti.

Sasa hilo la babako. Jumatatu alitoka kutengeneza nyavu mgongo umemkaza, akamwambia Liwali nipishe, hakupishwa, akamshika shingo amshushe. Akapatwa hapa kati ya kidole gumba na cha shahada. Jino moja tu, kitundu kama cha sindano ya kushonea. Babako akacheka akasema labda sijalipa kodi, akapaka majivu, na mimi nikacheka. Usiku redio ikazungumza habari za kichaa cha mbwa, ati dalili zikishamtokea mtu hakuna dawa tena, ni kungoja tu. Sikulala. Alfajiri nikamsimamisha babako bombani nikamsugua kwa sabuni dakika 15 kwa saa ya simu, yeye ananitukana, tukaenda hospitali. Amedungwa siku ile, akadungwa tena Ijumaa, kesho kutwa ni ya tatu na bado haziishi. Kijana wa pale akauliza mbwa alichanjwa lini. Nikaangalia ukuta.

Ndio maana nauliza kijitabu, Kahindi.

Daktari wa mifugo kasema nimfunge siku 10 nimwangalie, akifika siku ya 10 mzima basi siku ile hakuwa nacho mateni. Leo ya 6. Nimemfunga kwa kamba ya nyavu pale pale mwarobaini, kiti ikabidi nimwachie maana bila kiti alilia usiku mzima na majirani wana kazi asubuhi. Ati niangalie kama mate yanamtoka, kama anameza vizuri, kama sauti imebadilika, kama tabia imebadilika, mkali anaweza kuwa mpole na mpole akawa mkali. Hebu niambie, huyu tabia yake ya kawaida ni ipi? Jana kamlamba Kadzo mguu, nikakaa na roho mkononi mpaka jioni alipombwekea babako nikashukuru Mungu.

Jikoni makuti ni mapya, sijui kama nilikwambia. Masika haikuingia hata tone. Ni zile elfu moja mia tano ulizotuma mwezi wa tisa mwaka jana, basi nakueleza tu pesa haikupotea. Daktari anasema kuna chanjo nyingine zinakaa miaka 3, na wenzetu wale huandika ndani ya kijitabu tarehe ya kuisha. Angalia ukurasa huo. Babako usimwambie habari ya makuti, yeye anajua yalitoka kwa chama.

Na wewe punguza kununua vitu kwa mkopo, simu uliyonayo inapiga. Vaa sweta. Nimesikia wamekutoa kuosha vyombo wakakuweka kwenye moto, nimemwambia kila mtu mpaka yule wa duka asiyenisalimia. Lakini ukipiga simu kwanza ni Liwali amekula? Liwali amelala wapi? Mgongo wa babako hujauuliza tangu Pasaka. Mbwa wako, mimi ndiye nimekuwa mjakazi wake, na sasa nahesabu siku zake kwa mkaa ukutani.

Kadzo anataka daftari mbili za hesabu. Mbuzi wa bibi yako amezaa pacha, mmoja ni dhaifu. Bomba la nje linavuja, fundi haji.

Simu ni ya Kadzo, chaji iko asilimia 8. Ukikiona piga picha ukurasa wote, na kama tarehe imepita itume hivyo hivyo, usinifiche. Na tambi zimeisha, ukimpata mtu anayekuja mpe pakiti mbili, si zile nyembamba, hizo anazitema, ni zile za mabomba.

Mamako