Uzio wa Nyuma ya Nyumba Ukichakaa, Kagua Nguzo Kwanza

Wateja wengi wanaotupigia simu kuhusu uzio wa nyuma ya nyumba huanza kwa kueleza hali ya mbao: zimepauka, zimepinda, nyingine zimeng'oka na kuacha mwanya unaopitisha mbwa wa jirani. Kasoro hizo huudhi, lakini si zinazoamua iwapo uzio ukarabatiwe au ubomolewe. Mbao hubadilishwa kwa saa chache. Kinachoamua ni nguzo, na hasa sehemu yake iliyo usawa wa ardhi.

Kuvu inayoozesha mbao huhitaji unyevu na hewa kwa pamoja. Juu ya ardhi hewa ipo tele, ila mbao hukauka upesi baada ya mvua. Chini kabisa unyevu upo, ila hewa ni haba. Vyote viwili hukutana pale nguzo inapoingia ardhini, ndiyo maana tunapoing'oa nguzo ya zamani mara nyingi tunakuta kichwa ni kizima, kitako ni kizima, na katikati pamekuwa laini kama sifongo. Mchwa nao huingilia hapo hapo, na nguzo za chuma, ingawa haziozi, aghalabu huanza kuliwa na kutu katika usawa huo huo.

Ukaguzi huu unaweza kuufanya mwenyewe. Fukua udongo kuizunguka nguzo kwa kina cha sentimita 10 hivi, kisha uichome kwa ncha ya bisibisi. Ikizama bila kutumia nguvu, nguzo hiyo imekwisha hata kama rangi yake bado inapendeza. Baada ya hapo itikise. Ikicheza pamoja na zege lake, shimo lilichimbwa fupi; ikicheza ndani ya zege, imeoza au imevunjika. Nguzo moja au mbili mbovu hubadilishwa bila kugusa zilizobaki. Zikifika theluthi moja, kwa maoni yetu ni afadhali kuubomoa uzio wote, kwa kuwa nguzo zilizosimamishwa siku moja kwa kawaida huchoka kwa kufuatana, na kila ukarabati hulipiwa ufundi upya.

Kabla ya kubomoa, hakikisha mpaka wa kiwanja kwa kutumia alama za upimaji na si kwa kufuata uzio wa zamani, ambao huenda ulijengwa kwa kukisia. Zungumza na jirani mapema, na ujue mabomba na nyaya za umeme zimepita wapi chini ya ardhi.

Uzio mpya hugharimu zaidi mahali pasipoonekana, na sisi hatupunguzi hapo. Nguzo ya urefu wa mita 1.8 juu ya ardhi huchimbiwa shimo la sentimita 60 au zaidi, na uzio usio na nafasi kati ya mbao huhitaji kina zaidi, kwa sababu huzuia upepo wote badala ya kuupitisha. Chini ya shimo huwekwa kokoto ili maji yapenye. Zege hupandishwa kidogo juu ya udongo na kuteremshwa pande zote kutoka kwenye nguzo, maana likiachwa na kishimo, maji ya mvua yatatuama pale pale tulipoona kuoza kunaanzia. Mbao zilizotiwa dawa kiwandani zikikatwa, sehemu iliyokatwa hupakwa dawa upya, kwani mara nyingi dawa haifiki kwenye kiini. Hatua hii ndogo ndiyo mafundi wenye haraka huiruka. Misumari iwe ya kuzuia kutu, na mbao za wima ziachwe sentimita 5 juu ya ardhi.

Mteja hupenda kuona kazi imekamilika siku hiyo hiyo, lakini zege linahitaji angalau siku mbili kabla ya kubebeshwa mbao, na nguzo za geti tunaziacha wiki nzima, kwa kuwa uzito wa geti huzivuta upande mmoja kila linapofunguliwa. Rangi nayo isubiri. Mbao zilizotoka kutiwa dawa huwa zimelowa ndani, kwa hiyo zinyunyizie matone machache ya maji: yakinywewa, paka rangi, yakibaki juu, ziache wiki kadhaa kisha ujaribu tena.