Ushauri wa kazi na masomo usingoje mwaka wa mwisho

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloniuma kila muhula unapofungwa. Vyuo vina ofisi za ushauri wa kazi na masomo, lakini wanafunzi wengi huzifikia wakati maji yameshawafika shingoni.

Ninafundisha takwimu. Mwaka jana alinijia binti wa mwaka wa tatu, karatasi ya matokeo mkononi, akiuliza kama bado anaweza kubadili kozi. Takwimu ilikuwa imemwangusha mara mbili. Tulipozungumza akaniambia alijua tangu mwezi wa kwanza kwamba haelewi, ila aliona haya kwenda kuomba msaada, kwa kuwa mlango ule unajulikana kuwa ni wa walioshindwa. Nikamuuliza anataka kufanya kazi gani. Afya ya jamii, akasema, kufuatilia magonjwa. Katika miaka mitatu hakuna aliyemwambia kwamba kazi hiyo imejengwa juu ya takwimu. Nami nilikuwa mmoja wa walionyamaza.

Aibu ile ina dawa, tena ya zamani. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Missouri kilichopo Kansas City, Marekani, Deanna Martin alianzisha utaratibu ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi. Hakutafuta wanafunzi dhaifu. Alitafuta masomo magumu. Somo ambalo asilimia 30 au zaidi ya wanafunzi hupata alama mbaya au huliacha njiani huwekewa vipindi vya ziada, na darasa zima linakaribishwa. Anayeviongoza ni mwanafunzi aliyekwisha kulifaulu. Huhudhuria tena mihadhara pamoja nao, kisha hukaa nao wakapitia walichoandika, wakaulizana, wakakokotoa maswali. Hafundishi somo upya. Mwenye A na mwenye F wanakaa meza moja, na hakuna anayejua nani amekuja kwa shida gani.

Muhula uliopita nilijaribu hivyo kwa kiasi kidogo, na kiongozi mmoja tu. Wiki ya pili walikuja vijana ambao sikuwahi kusikia sauti zao darasani.

Kwa upande wa kazi, hata msingi haujafichika. Frank Parsons, aliyefungua ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston mwaka 1908, alitaka kijana kwanza ajifahamu: vipaji vyake, anachokipenda, mipaka yake. Pili azifahamu kazi, zinadai nini na zinalipa nini. Ndipo apime hayo mawili pamoja. Sisi tunaziruka hatua hizi, tunampa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho semina ya saa mbili ya kuandika wasifu na kujiandaa kwa usaili. Ataandika nini mtu asiyejua anakokwenda? Anayesomea uhasibu bila kuwahi kukaa na mhasibu kazini hata siku moja, kozi hiyo amechaguliwa na alama zake za sekondari au na wazazi wake.

Ninawaomba wakuu wa vyuo wafanye mambo mawili kabla ya mwaka mpya wa masomo. Mshauri wa kazi aingie darasani mwezi wa kwanza wa mwaka wa kwanza, akiwa na mtu anayeifanya kazi yenyewe, aeleze somo hili linatumika wapi. Na masomo yanayoangusha wengi yapate viongozi wanafunzi, walipwe kwa saa zao; kazi hii ni nzito, si haki kuwafanyisha bure.

Kuyatambua masomo hayo hakuhitaji kamati. Matokeo ya miaka mitatu iliyopita kila mkuu wa idara anayo mezani.

Mhadhiri wa takwimu