Malaria kali haipofushi macho, inaumiza ubongo

Mhariri,

Makala mliyoichapa kuhusu malaria kali kwa watoto ilikuwa na manufaa makubwa kwa wazazi, ila ilibeba kauli moja ambayo mimi, niliyefanya kazi ya uuguzi wa macho kwa miaka mingi, siwezi kuiacha ipite: kwamba malaria ikipanda kichwani hupofusha macho ya mtoto. Kauli hiyo imo midomoni mwa watu wengi, na hata sisi watumishi wa afya huiandika kwenye barua za rufaa. Madhara yake nimeyaona. Mtoto aliyezinduka baada ya siku mbili tatu za kupoteza fahamu huletwa kliniki ya macho kwa kuwa haoni. Tunampima na kukuta mboni zinaitika mwanga, mtoto wa jicho hakuna, nyuma ya jicho hakuna kovu, na mzazi anarudishwa nyumbani akiambiwa kwamba macho hayana tatizo. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimsaidii, kwa sababu mtoto bado haoni.

Hitilafu iko kisogoni, kwenye sehemu ya ubongo inayopokea na kufasiri yale ambayo macho yameyaona. Sehemu hiyo ikikosa oksijeni au ikiumizwa na degedege la muda mrefu, jicho huendelea kufanya kazi yake vizuri huku ubongo ukishindwa kupokea ujumbe. Wengi wa watoto hawa hurudiwa na uwezo wa kuona polepole, kwa wiki au miezi, ingawa wapo wasiorudi walikokuwa. Mzazi anastahili kuelezwa hivyo waziwazi, kisha apelekwe kwa wanaoshughulika na ubongo wa mtoto, badala ya kupewa miwani au dawa ya matone isiyo na kazi. (Njia moja ambayo jicho lenyewe huumia naifahamu, nayo haitokani na vimelea: ni kwinini, dawa ya malaria, ikizidi kipimo, kwani huwa sumu kwa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Anayempa mtoto vidonge hivyo kwa kukisia ajue hatari hiyo.)

Hata hivyo, haimaanishi kwamba jicho halihusiki na malaria. Linahusika sana, ila kwa namna tofauti na ile iliyoelezwa katika makala yenu. Vimelea vya Plasmodium falciparum, aina inayoleta malaria kali, vikikomaa ndani ya chembe nyekundu ya damu huifanya iote vinundu vinavyonata, nayo hujishikiza kwenye kuta za mishipa midogo kabisa badala ya kuendelea na mzunguko. Ndiyo sababu damu ya kidoleni inaweza kuonyesha vimelea vichache kwa mtoto ambaye hali yake ni mbaya mno: vingi vimeganda huko ndani. Hatuwezi kufungua fuvu la mtoto aliye hai tukaangalia mishipa ya ubongo wake, lakini retina hutokana na tishu ileile inayotengeneza ubongo mimba inapokua, na mishipa yake midogo inafanana sana na ile ya ubongo. Linaloipata moja huipata na nyingine, na ya jicho tunaweza kuiona.

Watafiti waliofanya kazi Blantyre, Malawi, miongoni mwao Susan Lewallen, Malcolm Molyneux na Terrie Taylor, walizieleza alama hizo kwa utaratibu kuanzia miaka ya 1990. Retina iliyokosa oksijeni hupauka kwa mabaka. Mishipa ya damu hupoteza wekundu wake na kuwa ya rangi ya chungwa au nyeupe, kwa kuwa chembe zilizosongamana humo zimeliwa na vimelea hemoglobini yake, ile inayoipa damu wekundu. Na madoa ya damu huonekana hapa na pale, mengi yakiwa na kiini cheupe katikati. Wakati mwingine kichwa cha neva ya jicho huvimba, dalili ambayo si ya malaria peke yake lakini huashiria hatari kubwa zaidi ya kifo. Mishipa iliyobadilika rangi ni jambo ambalo mimi sijalikuta katika ugonjwa mwingine wowote, na aliyeliona mara moja halisahau. Na hapa ndipo kauli ya makala yenu inapoanguka: mtoto akipona, alama hizo hufutika, na watoto waliofuatiliwa Malawi hawakuonekana kupungukiwa na uwezo wa kuona kwa sababu yake.

Thamani ya alama hizi ilidhihirika mwaka 2004, Taylor na wenzake walipotoa matokeo ya uchunguzi wa maiti za watoto 31 waliofariki wakiwa wametimiza vigezo vyote vya malaria ya ubongo, yaani kupoteza fahamu, kuwa na vimelea kwenye damu, na kutoonekana kwa sababu nyingine. Saba kati yao walikuwa wamekufa kwa maradhi mengine kabisa. Kati ya dalili zote zilizopimwa wakiwa hai, hali ya retina ndiyo iliyotenganisha vizuri zaidi waliouawa na malaria na ambao malaria ilikuwamo tu mwilini. Katika maeneo yenye malaria nyingi watoto wengi hutembea na vimelea bila kuugua, kwa hiyo kipimo chanya kwa mtoto aliyezimia hakitoshi kufunga mjadala. Kama retina ni safi, dawa ya malaria aendelee kupewa, lakini daktari atafute pia homa ya uti wa mgongo, sumu, au chochote kingine kinachoweza kumuua mtoto huku sote tukiilaumu malaria.

Kuhusu kinachoua hasa, utafiti mwingine wa Blantyre uliochapishwa mwaka 2015 ulitumia picha za MRI, kipimo kinachoonyesha ubongo bila kufungua fuvu, kwa watoto wenye malaria ya ubongo iliyothibitishwa kwa retina. Kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo walipopokelewa. Fuvu halitanuki, ubongo uliovimba hushuka na kubana shina lake, mahali panapoongoza kupumua, na mtoto huacha kupumua hata kama moyo bado unadunda. Miongoni mwa waliopona, uvimbe wa kiasi hicho ulikuwapo kwa takriban robo, na wengi wao ulipungua ndani ya siku chache.

Nakiri kwamba uchunguzi wa retina si kazi ya dakika moja. Unahitaji matone ya kutanua mboni, kifaa cha kuangalia ndani ya jicho, na mtu aliyefundishwa kukitumia, kwani mabaka mengi huwa pembezoni ambako kifaa kidogo cha mkononi hakifiki. Unahitaji pia nidhamu ya kuandika: mwitiko wa mboni upimwe kwanza, na saa ya kutia matone iandikwe kwenye faili, la sivyo daktari wa zamu ya usiku atakuta mboni zimetanuka na kudhani ubongo umebanwa. Na wala sindano ya artesunate, dawa ya malaria kali, isicheleweshwe hata kidogo kumsubiri mtu wa macho. Lakini ujuzi huu unafundishika kwa maofisa tabibu na wauguzi, na ni nafuu mno ukilinganishwa na MRI.

Jambo la mwisho ni la baada ya wodi. Neno “amepona” tunalitamka mapema mno. Utafiti wa Uganda ulikuta kwamba miaka miwili baada ya malaria ya ubongo, takriban mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kuzingatia. Malawi nako, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2010, watoto 132 waliopona malaria ya ubongo walifuatiliwa pamoja na wengine 264 ambao hawakuipata. 12 kati ya wale wa kwanza walipata kifafa, na kati ya wale wa pili hakuna hata mmoja. Waliokuwa na homa ya juu zaidi na degedege wakati wa ugonjwa ndio waliokuwa katika hatari zaidi. Kifafa hicho huweza kuja miezi mingi baada ya mtoto kuruhusiwa, wakati ambapo hakuna mtu nyumbani wala shuleni anayekihusisha tena na ile malaria, na mtoto ambaye kabla ya kuugua alikuwa mwepesi wa kusoma huitwa mvivu au mtundu.

Naomba basi, pamoja na kuisahihisha kauli ile, mchapishe kwa ajili ya wazazi yale ambayo wangepaswa kuambiwa siku ya kuruhusiwa: kwamba mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria arudishwe kupimwa baada ya mwezi mmoja na tena baada ya miezi sita, hata akionekana mzima, kwamba mtikisiko wa mkono mmoja, au kukodoa macho kwa sekunde kadhaa bila kuitika jina, huweza kuwa kifafa na si ndoto, na kwamba mwalimu wake aarifiwe alichokipitia. Mkipenda, niko tayari kuwaeleza waandishi wenu namna vipimo hivi vinavyofanyika.

Wenu,
Muuguzi wa macho