Siku ya Kliniki Mkono Umetulia

Mwenye baridi yabisi ataijua hadithi hii. Wiki nzima vidole vimefura, mswaki haushikiki, usiku ni kugeuka huku na huku. Jumanne ya kliniki ikifika, mkono umetulia kama haukuwa na neno. Daktari anaminya kiungo kimoja kimoja, anauliza, "Hali ikoje tangu tulipoonana?" Naye, kwa heshima na kwa uchovu wa foleni, anajibu, "Naendelea vizuri, daktari." Faili linaandikwa hivyo hivyo. Dawa zile zile, miezi mitatu mingine.

Hiyo "naendelea vizuri" ndiyo iliyotufanya sisi wa kliniki tuanze kupokea taarifa za dalili kwa simu, mgonjwa akiwa nyumbani kwake.

Maradhi haya hupanda na kushuka, na kiungo kikishaliwa hakirudi kilivyokuwa. Ndiyo maana mwongozo wa EULAR, jumuiya ya wataalamu wa Ulaya wa magonjwa haya, unataka matibabu yabadilishwe kama hakuna nafuu ndani ya miezi 3, au kama lengo halijafikiwa kwa miezi 6. Sasa daktari atajuaje, ikiwa miezi 3 yote anaiona kwa dirisha la dakika kumi?

Kila Jumamosi asubuhi tunakutumia ujumbe. Zamani uliandikwa "bonyeza kiungo hiki", mpaka mzee mmoja akapiga simu kuuliza abonyeze goti au kiwiko. Siku hizi tunaandika "bonyeza maandishi ya bluu". Ndani utakuta maswali ya kipimo kiitwacho RAPID3: kazi 10 za mwili, kama kufunga vifungo vya shati, kuinua kikombe kilichojaa hadi mdomoni au kufungua bomba, halafu maumivu, halafu hali yako kwa jumla. Alama huanzia 0 hadi 30. Zikipita 12, ugonjwa umechachamaa, na muuguzi wetu anakupigia bila kungoja tarehe yako.

Tumeongeza pia maswali mawili ya kwetu, ambayo hayaingii kwenye alama. La kwanza: ukiamka, viungo vinachukua muda gani kulegea? Dakika kumi ni jambo moja, kukaa hivyo mpaka saa nne asubuhi ni jambo jingine kabisa. La pili tumeliacha wazi: wiki hii ni kazi gani imekushinda? Hapa ndipo tunapojifunza zaidi. Mama mmoja kila wiki alikuwa akiweka maumivu 5 kati ya 10, wala hayapandi wala hayashuki. Kwenye swali hili akaandika: "Ugali wa watu wawili nausonga. Wa watu sita mwiko unanishinda, anasonga binti." Mwezi mmoja kabla alikuwa anausonga mwenyewe. Ile 5 isingetuambia hilo hata siku moja.

Anayetumia methotreksati, dawa ya kutuliza ugonjwa huu, tunamuuliza pia ameinywa siku gani, maana ni dawa ya mara moja kwa wiki. Kuinywa kila siku ni hatari. Na kwa kuwa inaweza kudhuru ini, vipimo vya damu viko pale pale, hakuna fomu itakayopima ini lako. Kama ulipozidiwa ulinunua diklofenaki ya maumivu au prednisoloni, dawa ya steroidi, duka la dawa, iandike. Hatugombi. Tunachoogopa ni mtu aliyezoea prednisoloni kimya kimya, kisha akaikatisha ghafla.

Mjukuu akishika simu, aandike jibu la bibi, si lake. Tumeshapokea sifuri tupu kutoka kwa kijana aliyekuwa na haraka ya kurudi kwenye mpira. Na wiki nzuri nayo ijazwe. Watu wengi hutuandikia wakiumwa tu, daktari akabaki na picha ya mabaya matupu. Ukivimba, piga picha mikono yote miwili kwa pamoja, mwangani. Itume ndani ya fomu, si kwenye WhatsApp ya muuguzi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, nasi tunataka zikae mahali pamoja.

Fomu hazisomwi usiku wala Jumapili. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na homa juu, usijaze kitu. Nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, kwani huenda ni usaha, na usaha ndani ya kiungo hausubiri Jumatatu.

Kwa mwenye faili kwetu hakuna malipo ya ziada. Bando ni lako, ila fomu ni maandishi matupu na haili MB nyingi. Usiye na simu janja tutakupigia, tukuulize maswali yale yale. Kujiandikisha, njoo na simu utakayotumia, na kama kuna wa nyumbani atakayekusaidia kuandika, njoo naye. Fomu ya kwanza tunaijaza pamoja pale mapokezi.