Riba haikufanya kazi peke yake

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wa safu yenu ya uchumi anadai benki kuu ya Marekani ndiyo iliyotuliza mfumuko wa bei kwa kupandisha riba. Mbona haraka hivyo? Juni 2022 mfumuko ulikuwa asilimia 9.1; mwaka mmoja baadaye, asilimia 3. Kweli riba ilipanda, kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5. Lakini dawa hiyo kwa kawaida hutibu kwa kuumiza: mkopo unakuwa ghali, mwenye kiwanda anaahirisha kununua mashine, anapunguza wafanyakazi, nao wanabana matumizi, ndipo bei zinatulia. Safari hii ukosefu wa ajira ulikuwa asilimia 3.6 Juni 2022, na 3.6 tena Juni 2023. Haukusogea!

Wakati huohuo msongamano wa meli bandarini ulipungua, bidhaa zikafika kwa urahisi zaidi, na bei ya mafuta ikashuka. Sisemi riba haikusaidia kitu. Huenda ilizuia watu wasizoee kutarajia bei kupanda. Ila kumpa sifa zote daktari aliyefika homa ikishuka, hapana.

Na nchi zinazodaiwa kwa dola, ambazo kila awamu ya deni ilizidi kuwa nzito kwa sarafu zao riba hiyo ilipoipandisha thamani dola, safu haikuzitaja hata kwa mstari mmoja.

Msomaji wenu wa siku nyingi