Risala ya wauzaji wa nyumba kwa nyumba kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu, wanachama wenzangu na wageni waalikwa, karibuni.

Sisi ni watu wa kupiga hodi. Tunauza sabuni, vipodozi na vyombo vya jikoni mlangoni kwa mteja, na tunajua wapo wanaozima redio na kujifanya hawapo wakisikia sauti zetu. Hatuwalaumu. Kuna waliotutangulia kwenye milango hiyo wakauza hewa na kutoweka na pesa za watu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, sheria ya kumlinda mlaji tunaitaka. Ombi letu ni kwamba imlenge mkosaji. Mwaka 1998 China ilipiga marufuku uuzaji wote wa moja kwa moja, yaani biashara kama hii yetu ya kumfuata mteja bila duka, kwa sababu ya matapeli wa piramidi, wanaoishi kwa viingilio vya wanachama wapya. Waaminifu wakafungiwa pamoja nao, hadi kanuni za mwaka 2005 ziliporuhusu tena biashara hiyo kwa leseni. Tapeli, kama ilivyo desturi yake, hasubiri leseni.

Namna ya kumtambua ni kuuliza pesa yake inatoka wapi. Anayeishi kwa faida ya bidhaa iliyomfikia mtumiaji anafanya biashara. Anayeishi kwa viingilio vya watu anaowaingiza, au kwa kuwabebesha mzigo usiouzika, anaendesha upatu uliopangiwa chupa za sabuni mbele. Mwaka 1979 tume ya biashara ya Marekani iliamua kuwa Amway, kampuni ya uuzaji wa moja kwa moja, si piramidi, kwa kuwa, pamoja na mengine, ilikuwa na utaratibu wa kurudisha mali iliyowashinda wauzaji na iliwataka wauze angalau asilimia 70 ya mzigo kabla ya kuagiza mwingine. Tume hiyohiyo iliikataza kutia chumvi kwenye mapato. Tunaona ni haki: kila kosa lilihukumiwa peke yake.

Sasa suala linalotuuma zaidi, kurudisha bidhaa. Marekani humpa aliyeuziwa nyumbani siku 3 za kazi za kughairi. Umoja wa Ulaya humpa siku 14. Haki hiyo tunaikubali, maana mtu aliyebanwa na maneno matamu sebuleni kwake anastahili muda wa kufikiri. Lakini mteja ananunua mafuta ya uso Jumatatu, Ijumaa anarudisha kopo: lakiri imebanduliwa, alama ya kidole imo ndani. Nani atalinunua tena? Ulaya sheria imeliona hilo. Bidhaa ya aina hiyo ikishafunguliwa, haki ya kughairi inakoma. Kwetu hasara humwangukia muuzaji wa miguu aliyelipia mzigo kwa fedha yake. Tunaomba kanuni itamke wazi kipi kinarudishika, na kinachorudi kikiwa salama kampuni ikipokee na kumrejeshea muuzaji fedha yake.

Kuhusu vitambulisho hatuna ubishi. India, kwa kanuni zake za mwaka 2021, inamtaka muuzaji abebe kitambulisho na apate ridhaa kabla ya kufika nyumbani kwa mteja. Tukipangiwa hivyo tutatii, mradi ada ya kitambulisho isiwe ya kiwango cha kampuni wakati mwombaji ni mtu mmoja na begi lake.

Kwa upande wetu, tumekubaliana kila mauzo yawe na risiti yenye tarehe, jina la muuzaji na siku ya mwisho ya kurudisha. Mwanachama atakayekaidi tutamtoa wenyewe, na jina lake tutalifikisha kwenye mamlaka husika.

Naomba kuwasilisha.